Tajwidi (kanuni za kutamka Kurani) kwa ulimi wa Mswahili: nianze kurekebisha wapi?

Mwanachuo_Ukubwani

Assalamu alaykum warahmatullah ndugu zangu.

Nasoma Juzuu Amma kwa herufi zenyewe za Kiarabu, si kwa vile vitabu vya herufi za Kilatini. Hukumu za nuni sakina (nuni isiyo na irabu) na za madda (kuvuta irabu) nazijua kwa majina: idhhari (nuni kutamkwa wazi), idghamu (kuingizwa kwenye herufi inayofuata), iqlabu (kugeuzwa mimu), ikhfai (kufichwa), zote nazitaja. Lakini nikijirekodi kwenye simu na kulinganisha na kisomo cha Sheikh al-Husary, changu bado kinasikika Kiswahili, na siwezi kuonyesha kidole ni wapi.

Maswali mawili. Aliyekua na Kiswahili hukosea wapi zaidi, na kwa nini? Na nianze na lipi, kwa mtu mwenye dakika 20 tu baada ya Alfajiri? Naomba mambo ya kufanya kwa mdomo. Majina ninayo tayari.

---

Kalamu_ya_Mwanzi

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Hukumu ukizijua na kisomo kikabaki Kiswahili, basi kasoro iko chini ya hukumu. Wanazuoni wa fani hii hugawa makosa mafungu mawili: lahn jalii, kosa la wazi linalobadilisha herufi au irabu, na lahn khafii, kosa la ndani kama kupunja ghunna, sauti ya puani. Wengi tunahangaika kupima ghunna huku dali (د) ya mwisho tunaisoma "di". Shughulika na jalii kwanza. Kwa Mswahili, makosa mengi ya fungu hilo hutoka mahali panne.

Irabu ya kubandika. Maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo konsonanti ikinyamaza mdomo unaitafutia mwenzake. "Qul huwallahu ahadi." Sikio halishtuki kwa sababu ahadi ni neno la kila siku. Aya inayofuata ni mbaya zaidi: as-Samad ikigeuzwa "samadi" inakuwa neno letu la mbolea, na hapo sina haja ya kueleza zaidi. Katikati ya neno nako ni hivyo hivyo: "alhamudu", "an'amuta".

Kwenye dali kuna qalqala, mtikisiko wa herufi iliyonyamaza, na wengi huidhania ni ruhusa ya kutia irabu fupi. Siyo. Tenganisha hatua: sema "aha", gandisha ncha ya ulimi kwenye ufizi wa juu, hesabu moja kimya, kisha ubandue ulimi kwa mtikisiko mmoja. Weka kidole chini ya kidevu. Kidevu kikishuka kama unaposema "di" au "da", umeongeza herufi. Jambo jingine: b, d, j na g za Kiswahili huvuta hewa ndani kidogo. Isikie d ya "dada". Dali ya Kiarabu hupasuka kwenda nje, na ukiivuta ndani qalqala haitoki, ndipo mtu anaiokoa kwa kutia i.

Mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Kiswahili hukaza hapo na kuparefusha. Matokeo yake نَعْبُدُ inakuwa "na'buudu", na كُفُوًا inakuwa "kufuuwan". Kwa Kiarabu urefu umeandikwa: hakuna alifu, wau au yaa ya madda (au alifu ndogo ya juu), hakuna urefu. Soma neno ukigonga meza mara moja kwa kila haraka: na', bu, du. Bu isipate gonga mbili. (Haraka hapa ni kipimo cha irabu moja, si kwenda mbio.)

Shadda (alama ya konsonanti maradufu) kupotea. Kiswahili cha kawaida hakiwekei maanani konsonanti maradufu. Al-Fatiha pamoja na Bismillahi ina shadda 14. Zihesabu kwa kidole: Bismillahi 1, Arrahmani 1, Arrahimi 1, Lillahi 1, Rabbi 1, Arrahmani Arrahimi tena 2, Addini 1, Iyyaka mbili 2, Assirata 1, Alladhina 1, Adhdhallina 2. Iyyaka ndiyo ya hatari. Ukiisoma "iyaka" bila shadda umeingia kwenye neno jingine, maana إيا kwa Waarabu ni mwanga wa jua. Namna ya kuipata: yaa ya kwanza ibane na ukae juu yake, ndipo uifungulie ya pili. Iy, ya, ka.

W isiyokuwepo. Tumezoea kuandika swala, swaumu, twahara, na midomo ikazoea kuviringika. Unene wa ص na ط hautoki midomoni, unatoka kwenye shina la ulimi linalonyanyuka kuelekea kaakaa. Simama mbele ya kioo usome الصِّرَاط: midomo ikichongoka, umesoma "swirat" na umezidisha wau.

Dakika 20 zako: 5 za kusikiliza sura moja fupi kwenye kisomo cha al-Husary cha mu'allim, ambacho ni cha polepole, 10 za kuirudia, 5 za kujirekodi na kusikiliza. Kila wiki winda kosa moja tu kati ya haya manne. Ukiwinda yote pamoja hutalisikia hata moja.

---

Ummu_Tartil

Maalim hapo juu kamaliza mlango wa silabi. Naongeza herufi, kwa sababu tahajia ya Kiswahili imetufichia mengi: dh yetu inabeba ذ, ض na ظ, h inabeba ه na ح, na kwa wengi hata خ, k inabeba ك na ق. Kwa hiyo mtu anafikiri anaijua herufi kumbe anajua jina lake la Kiswahili.

Kaka Mwanachuo, zijaribu kwa njia hizi.

ه, ح na خ: pulizia miwani kama unayetaka kuifuta. Hiyo ni ه, inatoka chini kabisa ya koo. Sasa banisha koo katikati mpaka pumzi iwe kavu na nyembamba, bila mkwaruzo wa mate. Hiyo ni ح. Ikianza kukoroma, umepanda juu na kuingia خ.

ع: usianze na "a". Anza na ح, iendeleze, kisha washa sauti palepale bila kusogeza kitu. Vidole kooni vitakuambia: kwenye ح hakuna mtetemo, kwenye ع upo. Wanaosoma "aalamiin" kwa hamza wanatoka kwenye walimwengu na kuingia kwenye neno la maumivu. Kuna na kosa la upande wa pili, la kuikaba ع mpaka inasikika kama mtu anataka kutapika. Iwe laini, sauti ipite.

ق na ك: ya kwanza hutoka mwisho kabisa wa ulimi ukigusa kaakaa laini karibu na kimio, ya pili mbele yake kidogo. Kata kikaratasi chembamba ukishike mbele ya mdomo. ك hukisogeza, kwa sababu ina hams, pumzi inavuja. ق haikisogezi. Jaribio hilohilo hutenganisha ت na ط. Na maana si ndogo: قُل ni "sema", كُل ni "kula".

ض ndiyo yenye kesi nyingi. Ubavu wa ulimi, wa kushoto au wa kulia au wote, ugandamane na magego ya juu, shina linyanyuke, sauti itambae ubavuni. Jipime kwa sukuni, yaani herufi bila irabu: soma أَضْ. Sauti ikikatika ghafla, hiyo ni dali nene. Ncha ikichungulia kati ya meno, hiyo ni ذ au ظ. Ikiwa sauti inaendelea kidogo huku umebana, uko njiani. Na katika الضَّالِّينَ vuta alifu haraka 6, kisha gonga lamu yenye shadda. Wapo wanaovuta sita nzuri kabisa halafu wanasoma "liin" nyepesi bila shadda. Hiyo sita yenyewe imeletwa na shadda. Ukiitupa shadda, madda imebaki haina sababu.

---

Mgeni_wa_Bara

Samahani kuingilia. Sisi ambao lugha za nyumbani hazitofautishi r na l, na th tunaitamka s, tunaanzia hapo hapo au kuna kitu kabla? Na nimesikia "sirat" kwa sini ni sahihi, ni kweli?

---

Kalamu_ya_Mwanzi

Ndugu yangu Mgeni, anza na ث na ذ, ndizo rahisi: ncha ya ulimi ionekane kwenye kioo, iguse ncha za meno ya juu ya mbele. Usipoiona kwenye kioo umesoma sini au zai. Wiki moja inatosha.

Kwa r na l, tofauti ni mguso. Lamu: ukingo wa mbele wa ulimi umelala kwenye ufizi na unakaa, unaweza kusema llll bila kuondoka. Ra: ncha inagonga mara moja na kuondoka. Zoeza رَبِّ na لَكَ zikifuatana, ra, la, ra, la, polepole mno. Kwenye ra yenye shadda, kama Arrahmani, tahadhari na kuikariri rrrr kama pikipiki. Gandisha ncha kidogo ili isitetemeke mara nyingi.

Sirat kwa sini ni kisomo kilichothibiti, cha Qunbul kutoka kwa Ibn Kathir na Ruways kutoka kwa Ya'qub. Lakini sisi Afrika Mashariki tunasoma riwaya (njia ya kupokea kisomo) ya Hafs kutoka kwa Asim, na humo ni sadi. Haiwi udhuru wa ulimi mzito.

---

Msahafu_Mkobani

Badala ya kuhangaika na juzuu nzima, chukua Suratul Asr. Aya 3, na karibu mitego yote iliyotajwa imo. Tuipitie.

وَالْعَصْرِ. Ukisimama, sadi na ra zote zimenyamaza. Midomo yetu haikuzoea neno linaloishia na konsonanti mbili, ndiyo maana inasikika "wal asri" au "wal asiri". Iachie sadi ipite kama upepo, assss, kisha gusa ra mara moja na uache hapo. Ra hii ni nene, kwa kuwa kabla ya ile sukuni kuna fat'ha (irabu a).

لَفِي خُسْرٍ. Muundo uleule, ila sasa ni sini. Huku خ nene na huku ra nene (safari hii kwa sababu ya dhumma, irabu u), na sini katikati yake inavutwa mpaka inageuka sadi. Shusha shina la ulimi mara tu unapotoka kwenye خ, ncha ibaki mbele, sini itoke kali na nyembamba.

بِالصَّبْرِ. Sadi imerudi, yenye shadda, halafu herufi bei (ب) ya sukuni yenye qalqala, halafu ra. Hapa wengi husoma "sabiri". Midomo ifungwe kwa bei, ipasuke, ra iguswe. Hakuna nafasi ya irabu kati yake.

Kwa hiyo una asr, khusr, sabr: sadi, sini, sadi. Zisome tatu hizo peke yake mara 10 kabla ya kusoma sura. Ukiweza kuzitofautisha bila kutia irabu hata moja, umevuka mto.

Mengine ya humo humo: إِنَّ ina ghunna ya haraka 2 kwenye nuni yenye shadda. الْإِنْسَانَ ina ikhfai: ulimi usiguse ufizi kwa nuni, uende moja kwa moja kwenye mkao wa sini huku sauti ikipita puani. Bana pua kwa vidole ukisoma. Sauti ikikwama, ghunna ipo. Kisha bana pua ukisoma لَفِي. Hapo isikwame. Ikikwama unatia ghunna kwenye madda, kosa linalosikika sana kwenye "aalamiin" na "nasta'iin". وَتَوَاصَوْا inaishia na "saw", wengi husoma "tawaaso". Kiswahili hupenda kuikunja aw iwe o na ay iwe e, ndivyo khayr ilivyokuwa heri. Kwa hiyo chunga pia عَلَيْهِمْ isiwe "alehim".

Halafu isome kwa kuunganisha: khusrin illa. Tanwini (nuni ya kutamkwa mwishoni mwa neno, hapa -in) mbele ya hamza ni idhhari, nuni itoke safi bila kuvutwa puani.

---

Fakihi_Mdogo

Nadokeza upande wa fiqhi kwa kuwa wengi wetu ni Shafii. Al-Fatiha ni nguzo ya swala, na shadda zake ni sehemu ya herufi zake, kwa hiyo anayeangusha shadda ameangusha herufi, na alirudie neno hilo. Kubadilisha ض kwa ظ, kwa mtu anayeweza kujifunza, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba haisihi. Asiyeweza kabisa ana udhuru. Na hadithi ya Bibi Aisha, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, inajulikana: anayesoma kwa kukwamakwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Lakini hiyo inamhusu anayehangaika, asiitumie aliyekaa.

---

Ummu_Tartil

Nimesahau jambo moja la msahafu wenyewe. Kaka, angalia unasoma chapa ipi. Msahafu wa Madina unakuonyesha hukumu kabla hujazikumbuka: nuni yenye alama ya sukuni ni idhhari; nuni tupu, na herufi inayofuata ina shadda, ni idghamu kamili; nuni tupu na inayofuata haina shadda ni ikhfai, au idghamu pungufu kwa wau na yaa; kimimu kidogo juu yake ni iqlabu. Tanwini nazo: mistari iliyopangana sawasawa ni idhhari, iliyopishana ni idghamu au ikhfai.

Misahafu ya chapa za Bara Hindi, ambayo imejaa kwenye madrasa zetu, huweka sukuni juu ya nuni hata penye ikhfai. Ukihama kutoka huu kwenda ule bila kujua, utaisoma kila nuni wazi na kulaumu ulimi bure.

---

Mwanachuo_Ukubwani

Shukran jazila, Mungu awalipe. Nimejaribu asr, khusr, sabr na kioo. Ya kwanza na ya tatu zinatoka, ya pili inageuka sadi kama alivyosema Msahafu_Mkobani.

Swali dogo la mwisho. Kwenye iqlabu, مِنۢ بَعْدِ, na mimu sakina mbele ya bei, تَرْمِيهِم بِحِجَارَةٍ, midomo inafungwa au inaachwa mwanya? Nimewaona walimu wawili kwenye video kila mmoja na lake.

---

Kalamu_ya_Mwanzi

Zote mbili zinafundishwa, na wasomaji wakubwa wa zama hizi wametofautiana humo. Wapo wanaoacha mwanya mwembamba kama wa karatasi, na wapo wanaofunga midomo kwa ulaini bila kuibana. Fuata utakachopokea kwa mwalimu wako uso kwa uso, usichanganye leo hivi kesho vile. Kilicho kosa kwa pande zote ni kuibana midomo kwa nguvu kama mimu yenye shadda, au kuacha pengo kubwa mpaka mimu ipotee.

Iqlabu yenyewe isikutie hofu, Kiswahili kinaifanya kila siku: nyumba n- + baya inakuwa nyumba mbaya, nuni imegeuka mimu mbele ya b. Tofauti ni kwamba sisi mb tunaipita mbio. Hapo مِنۢ بَعْدِ kaa kwenye mimu kwa ghunna ya haraka 2, ndipo uifungulie bei, na bei ipasuke nje, isivute ndani kama ya "mbaya".

Kuhusu khusr: isome kinyume kwa siku chache. Anza na sr peke yake, "sr, sr", ulimi mbele, ukitabasamu kidogo ili midomo isiviringike. Ikishakaa, tia "khu" mbele yake, kwanza ukiacha pengo, khu... sr, kisha upunguze pengo taratibu. Sini ikinenepa tena, rudi kwenye pengo.